Mikono Yenu Inaijua Nili: Hotuba kwa Watengeneza Batiki na Mafundi Cherehani

Hotuba hii niliitoa mjini Tanga kwenye mkutano wa vikundi vya batiki na mafundi cherehani. Wengi walioalikwa hawakuweza kufika, kwa hiyo naiweka hapa yote kama ilivyosemwa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa vikundi, kina mama na kina baba mafundi, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa nizungumze juu ya nguo za kazi ya mkono zinazotiwa rangi za mimea. Kabla sijaanza, naomba kila anayefanya batiki anyooshe mikono juu. Haya, itazameni. Kwenye kucha kuna bluu, kuna kahawia, kuna zambarau ambayo sabuni ya wiki nzima imeshindwa kuitoa. Asanteni, shusheni. Hii ndiyo mikono niliyokuja kuzungumza nayo.

Kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu kila ninapokwenda nasikia maneno yale yale: rangi za mimea ni mambo ya bibi zetu, bibi wamekufa nayo, tusubiri mtaalamu aje na mradi atufundishe upya. Mimi nakataa. Nusu ya ujuzi huo mnayo, na mnaifanyia kazi kila siku bila kuambiwa jina lake.

Tulichukue karai lenu la batiki. Mnaweka nini humo? Rangi ya unga, kostiki soda, na ile dawa ya unga tunayoiita haidro. Mnatumbukiza kitambaa chenye nta. Mkikitoa kinakuwa na rangi gani? Mara nyingi siyo ile mliyoikusudia. Mnakitandaza, hewa inakipiga, na rangi inajitokeza yenyewe huku mnaitazama. Sivyo? Basi hivyo ndivyo nili, rangi ya bluu inayotoka kwenye majani ya mmea, inavyofanya kazi, na watu wameifanya kazi hiyo kwa maelfu ya miaka kabla ya kiwanda chochote kujengwa.

Nili ni ya ajabu kidogo katika rangi za mimea. Haiyeyuki kwenye maji. Ukiisaga ukaikoroga kwenye ndoo, itatua chini na kitambaa chako kitatoka na madoa tu. Ili iingie kwenye uzi, lazima maji yawe makali, kwa majivu au kwa chokaa, na lazima oksijeni iondolewe. Hapo nili inayeyuka. Maji yanakuwa ya kijani-manjano, na juu linatanda povu la bluu. Kitambaa kinaingia, kinatoka kijani kama jani changa la mgomba, kisha hewa inakirudishia oksijeni na kinageuka bluu mbele ya macho yako. Kostiki yenu kazi yake ni ipi? Kuyafanya maji makali. Haidro yenu kazi yake ni ipi? Kuondoa oksijeni. Mnaona? Mlango ni ule ule, mnaufungua kwa funguo nyingine.

Na funguo za zamani tunazo jikoni. Kuna kipimo wanachokitumia watia rangi wengi siku hizi: sehemu moja ya nili, sehemu mbili za chokaa, sehemu tatu za sukari ya matunda. Sukari ndiyo inayoshika nafasi ya haidro. Unaweza kuipata kwa kuchemsha ndizi zilizoiva sana, au tende, ukachuja maji yake. Je, Tanga tumekosa ndizi? Je, pwani hii iliyojenga misikiti na majumba kwa mawe ya matumbawe imekosa chokaa? Angalizo tu: chokaa inaunguza ngozi kama kostiki inavyounguza, kwa hiyo glovu ni zile zile. Mtu asikwambie kwamba kwa kuwa ni cha asili hakiumi.

Jingine ambalo mafundi wageni hukosea: anayetaka bluu nzito hakiachi kitambaa ndani ya ndoo kwa muda mrefu. Anakichovya, anakitoa, anakiacha kipumue, anakichovya tena. Uzito wa bluu unatokana na idadi ya kuchovya. Ndiyo maana nguo ya bluu iliyokolea ina thamani kuliko ile nyepesi. Hiyo ni saa ya mtu iliyoingia humo mara nyingi.

Na mmea wenyewe? Kuna aina ya mnili ambayo asili yake ni Afrika ya Mashariki na Kusini, na inaota porini hapa kwetu. Wataalamu wanauita Indigofera arrecta. Katika karne ya 19 Waholanzi waliupeleka Java, katika Indonesia ya leo, kwa sababu majani yake yanatoa nili nyingi kuliko aina walizokuwa nazo, na baadaye ukafika hadi India. Sikilizeni vizuri: mmea wetu ulivuka bahari ukawatajirisha wengine, halafu sisi tukanunua bluu kutoka kwao. Majani yake unayaloweka kwenye maji ya vuguvugu usiku kucha au zaidi, unayatoa, unatia chokaa kidogo, unayapiga yale maji kwa upawa mpaka povu ligeuke bluu, unaacha yatulie. Asubuhi unamwaga maji ya juu, na tope la bluu lililobaki chini ndilo nili. Kazi inachosha mikono, lakini haihitaji shahada.

Pwani hii imeijua kazi ya nguo tangu zamani sana. Pale Kilwa, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua kwa wingi vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati. Vilikuwa vya kusokotea uzi wa pamba. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika kwamba nguo zinazofumwa hapo hazina mfano, na zinapelekwa hadi Misri. Na kuna habari moja ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, ambayo naipenda kuliko zote. Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno mmoja, Duarte Barbosa, aliandika kwamba Waislamu wa Sofala walikuwa wanafuma pamba yao nyeupe, lakini rangi hawakuwa nayo. Wakafanyaje? Walinunua nguo za bluu kutoka Cambay, kule India, wakazifumua, uzi mmoja mmoja, kisha wakaufuma upya ule uzi wa bluu pamoja na uzi wao mweupe.

Fundi cherehani, wewe unayenisikia, fikiria hiyo kazi. Kununua nguo nzima, kuifumua yote, ili upate uzi wa bluu! Mtu anayefanya hivyo anajua thamani ya rangi. Na leo tunamwona mteja akiomba apunguziwe bei ya nguo ya nili kwa sababu kwenye fremu ya pili kuna gauni la kiwandani la bluu hiyo hiyo.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Si kila kinachoacha doa ni rangi. Narudia, kina mama: si kila kinachoacha doa ni rangi.

Kuna dada mmoja, simtaji jina, alinunua gauni la njano la kuvutia sana. Muuzaji alimwambia ni rangi ya asili, haitoki. Alilivaa kwenye shughuli moja, akasifiwa. Alipolifua kwa sabuni ya mche, likageuka wekundu wa kahawia mikononi mwake. Akaogopa, akalisuuza sana, akalianika juani. Siku chache za jua zikalimaliza, likabaki limepauka, na lenye mabaka. Lilikuwa limetiwa manjano, bizari ya manjano hii tunayoweka kwenye mchuzi. Mwanamke gani hapa hajui kwamba doa la manjano likikutana na sabuni linakuwa jekundu? Na nani hajui kwamba ukilianika juani linaondoka lenyewe? Maarifa ya jikoni yalikuwa yameshatuambia kwamba manjano si rangi ya kuuzia watu. Ni nzuri, inang'aa, inavutia kwenye picha, na jua linaila.

Mfano mwingine ni hina. Tunaiheshimu, tunaipaka mabibi harusi, na inakaa mkononi wiki nzima na zaidi. Basi mtu anafikiri akitia hina kwenye kitambaa cha pamba atapata wekundu ule ule. Hapati. Anapata kahawia hafifu. Sababu ni kwamba hina inashikamana na ngozi, kucha na nywele, na kwa hiyo pia sufu na hariri, kwa kuwa vyote hivyo vinatoka kwa wanyama. Pamba ni mmea. Pamba ina tabia zake, na asiyezijua atapoteza jora zima.

Pamba inataka nini? Kwanza inataka kuoshwa kweli kweli. Kitambaa cheupe cha dukani kina wanga na mafuta. Kichemshe na magadi, utashangaa maji yanavyotoka ya rangi ya chai. Pili, inataka kitu cha kushika rangi. Hapa ndipo tunadanganyana sana. Utasikia: tia chumvi, tia siki, rangi itakaa. Chumvi na siki haziwezi kuishikiza rangi ya mmea kwenye pamba. Kinachoshika ni shabu, yale mawe meupe ambayo wazee walikuwa wanasafishia maji ya kunywa. Na hata shabu yenyewe haipendani sana na pamba ikiwa peke yake. Inataka itanguliwe na kitu kikali cha kukaza, kile kinachokausha ulimi ukikionja: maganda ya komamanga, kwa mfano. Kwanza loweka kitambaa kwenye maji ya maganda, kisha kwenye shabu, gramu kama 150 kwa kilo moja ya kitambaa kikavu, ndipo rangi ije. Wahindi waliotia rangi pamba iliyovaliwa nusu ya dunia walifuata mpango huo huo: cha kukaza, shabu, rangi.

Komamanga, jamani, ni hazina. Maganda yake pamoja na shabu yanatoa njano tulivu inayovumilia jua kuliko manjano mara nyingi. Ukitia maji ya misumari yenye kutu, kidogo tu, njano inageuka kijivu cha kijani, na ukizidisha inakaribia weusi. Lakini msizidishe, kwa sababu chuma kikizidi kinaila pamba, na baada ya muda nguo inachanika ovyo. Maganda ya vitunguu nayo yanatoa rangi ya dhahabu, na sokoni yanatupwa bure kila jioni. Wapo wanaotumia pia chumvi za kromu na shaba ili rangi ikolee. Mimi siwashauri. Kromu ni sumu, maji yake utayamwaga wapi? Kwenye mtaro wanapochezea watoto?

Kwa hiyo kabla ya kuuza, jaribu. Kata kipande, funika nusu yake kwa boksi, kitundike dirishani penye jua kwa wiki mbili. Kipande kingine kifue kwa sabuni mara kadhaa. Ukifunua boksi ukaona mstari kati ya nusu mbili, umejua ukweli wa rangi yako kabla ya mteja kuujua. Kikundi ambacho hakifanyi hivyo kinauza bahati nasibu.

Kuna wanaonisikia nikisifu mimea wakadhani nasema zamani ilikuwa njema na viwanda ndivyo vilivyoharibu. Hapana. Historia ya rangi ina machozi, na mengi ya machozi hayo yametokana na rangi za mimea.

Mwaka 1856, London, kijana wa miaka 18 aitwaye William Henry Perkin alikuwa anajaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Hakuipata. Alipata uchafu mweusi ambao alipousafisha ukatoa zambarau, na hiyo ikawa rangi ya kwanza ya kiwandani kufanikiwa sokoni. Baada ya hapo wakemia waliifuata nili kwa miaka mingi, na mwaka 1897 kampuni ya BASF ya Ujerumani ikaanza kuiuza nili ya kiwandani. Mashamba ya nili ya India yakaanza kuporomoka.

Mwaka huo huo wa 1897, Zanzibar, sultani alitia saini amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa. Na wanawake waliokuwa watumwa walivaa nini? Kaniki. Nguo nzito ya bluu-nyeusi iliyotiwa nili, ndiyo iliyokuwa alama yao. Walipopata uhuru waliivua. Walitaka kanga, walitaka maua na rangi nyingi, walitaka kuonekana wanawake kama wanawake wengine. Nani awalaumu? Yule bibi aliyeitupa kaniki yake hakuwa anaidharau asili. Alikuwa anaitupa aibu aliyovikwa kwa nguvu.

Na wakulima wa Bengal, kule India, je, waliolazimishwa kulima mnili badala ya mpunga mpaka wakaasi mwaka 1859? Na wale wa Champaran, India hiyo hiyo, ambao Gandhi alikwenda kuwasimamia mwaka 1917? Rangi ilitoka kwenye jani, maji yalikuwa safi, na mtu aliyeilima alikuwa na njaa. Kwa hiyo mkiniuliza kama nguo ya rangi ya mmea ni nguo ya haki, nitawajibu: nionyesheni kwanza aliyeitia rangi amelipwa nini. Mama aliyepiga maji ya nili tangu alfajiri, aliyechovya mara sita, aliyefua na kuanika, halafu anapewa fedha ya kula siku mbili huku nguo yake ikiuzwa hotelini kwa bei ya mbuzi, huyo anaonewa, hata kama nguo imeandikwa ni ya asili pande zote mbili. Hesabuni saa zenu. Ziandikeni kwenye daftari. Mnunuzi akibishana na bei, fungueni daftari.

Haki nyingine ni ya miti, na hapa Tanga linatuhusu kwa karibu. Wapo walioniuliza juu ya magome ya mkandaa, aina moja ya mikoko. Ni kweli, yanatoa kahawia nyekundu nzuri, na wavuvi wa bahari hii walikuwa wanachemshia nyavu na matanga zisioze. Lakini mikoko ni msitu wa hifadhi, na mti uliobanduliwa gome kulizunguka shina unakufa. Tukianza kuuza nguo za mkandaa, mikoko itakwisha kabla ya wateja kuisha. Majirani zetu Waganda wana somo la kutufaa. Wao wanatengeneza nguo ya gome la mti wa mutuba, kazi ambayo UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, iliitambua mwaka 2005 kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Wanabandua gome, kisha wanalifunga shina kwa majani ya mgomba, na mti unaota gome jipya, unabanduliwa tena msimu mwingine, miaka na miaka. Wanaupanda wenyewe, wanaujua mmoja mmoja. Basi sisi tupande mnili, tupande komamanga, tukusanye maganda ya vitunguu. Mkandaa tuuache usimame.

Mwisho nizungumzie lebo, kwa sababu naona mambo yanaharibika. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tangu watalii waanze kuuliza nguo za rangi ya asili, naona kila kitu kinaitwa asili. Batiki ya kostiki, asili. Kitenge cha kiwandani, asili.

Huko Abeokuta, Nigeria, wanawake wa Kiyoruba walijenga biashara kubwa ya adire, nguo za nili zinazochorwa kwa uji wa muhogo ili baadhi ya sehemu zisiingie rangi. Soda ya kostiki na nili ya kiwandani zikaingia, kazi ikawa ya haraka, na wanunuzi wakaanza kulalamika kwamba nguo zinachuja. Katika miaka ya 1930 mfalme wao, Alake, akapiga marufuku soda na nili ya kiwandani. Wanawake walikubali? Hawakukubali. Walipinga, na mwisho marufuku ikaondolewa. Mimi nawaunga mkono wale wanawake. Nani anaweza kumwambia mama mwenye watoto achovye nguo yake kwenye ndoo gani? Lakini nawaunga mkono wanunuzi pia, kwa sababu nguo inayochuja inachuja, haijali nani ana haki.

Kwa hiyo siwaambii muache batiki ya kostiki. Inawasomeshea watoto. Ninachoomba ni kwamba lebo iseme kilichomo. Ikiwa ni rangi ya dukani, andika: batiki ya mkono. Ikiwa ni nili ya mmea, andika nili. Ikiwa ni komamanga na shabu, andika komamanga na shabu, na uandike pia jinsi ya kuifua: sabuni laini, kivulini. Usiandike "asili" peke yake.

Kesho saa mbili asubuhi tutakutana uani, nyuma ya ukumbi huu. Kila kikundi kije na ndoo moja yenye mfuniko, glovu, ndizi zilizoiva mpaka maganda yameanza kuwa meusi, na kitambaa cha pamba ambacho usiku wa leo mmekichemsha na magadi. Msije na kitambaa kibichi cha dukani, nitawarudisha nacho. Chokaa na nili nimeleta mimi. Mafundi cherehani, msiseme hii si kazi yenu: leteni mabaki ya vitambaa, kwa sababu nyinyi ndio mtakaotunza vipande vya kujaribia na kuvitundika dirishani. Mbegu za mnili zipo kidogo, nitazigawa kwa vikundi vyenye mahali pa kupanda, na watakaochukua waandike majina kwa katibu.

Maswali sasa. Tuanze na wale vijana waliosimama, miguu imewauma.